Taa ya Chini

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili mtu asije akanipamba nikiwa katikati ya maneno. Wenzangu wakisimulia Juba ya miaka ile, baada ya mkataba wa amani na kabla ya kura ya kujitenga, kila mmoja alikuwa shujaa: alibishana na askari, alikataa kushuka kwenye bodaboda, alimpa mkubwa fulani ukweli wake. Mimi nikimwona mtu mwenye bunduki upande huu wa barabara, navuka upande ule, hata kama upande ule una tope. Na nilikuwa na sababu. Kazi yangu ilikuwa kamera, na kamera Juba ilikuwa kesi. Ukiitoa nje, hata kwa harusi ya jirani, atatokea mtu wa kaptula na ndara akuambie yeye ni usalama, na kamera unaiaga hapo hapo.

Kwa hiyo nilipiga picha ndani tu. Studio yangu ilikuwa Kator, si mbali na kanisa kuu: chumba kimoja cha matofali, paa la mabati, pazia jeusi ukutani, kigoda katikati, benchi la wateja mlangoni. Jenereta ilinguruma nyuma ya nyumba. Taa zangu nne zilisimama juu ya vyuma nilivyochomelewa mtaa wa Hai Mauna na fundi aliyezoea kuchomelea milango, na kweli zilikuwa na uzito wa mlango. Zikiwaka zote, saa nne asubuhi, mle ndani ungeweza kuchemsha yai.

Kazi nilijifunza Kampala. Mimi ni mtoto wa mpakani, Busia, upande wa Kenya, na nilivuka nikiwa msichana nikamwangukia mzee mmoja aliyekuwa na studio ghorofani. Mzee alinifundisha kwamba ngozi nyeusi huimuliki tu, unaipa kitu cha kuakisi. Weka taa moja juu kidogo, pembeni, uifunike kitambaa cheupe. Upande wa pili simamisha ubao mweupe. Nyuma ya bega ficha taa ndogo, ili kichwa kisizame kwenye pazia. Mpake mtu mafuta kidogo kwenye shavu. Hapo uso unatoka wenyewe, na chini ya jicho la upande wa giza kinabaki kipande kidogo cha nuru, cha pembe tatu. Mzee akikiona hicho kipande alikuwa anapiga makofi peke yake. Taa ya chini, ile inayowekwa sakafuni ikatazama juu, alinionyesha mara moja tu ili nijue cha kuepuka. Alinikalisha mimi mwenyewe kwenye kigoda. Picha ilipotoka, nilidhani ni bibi yangu marehemu amekuja kunidai kitu. Mzee akaniambia taa hiyo humwashii mteja unayetaka arudi.

Juba hawakuutaka usanii wangu hata kidogo. Mwezi wa kwanza nilimpiga mama mmoja wa kwaya, nusu uso kwenye mwanga, nusu kwenye giza, nikajiona bingwa. Alipoiona picha aliniuliza ile nusu yake nyingine nimempelekea nani. Malesh, mama, nikamwomba radhi, nikampiga upya taa zote zikiwa mbele, uso bapa kama sahani. Alifurahi, akaniletea kwaya nzima. Basi nikawa mpiga sahani. Mwaka na nusu nilipiga sahani, na roho yangu ikawa inakereka kila nikifunika lensi.

Filamu tulikuwa tunatuma Kampala kuoshwa. Unampa kondakta wa basi bahasha, inapita Nesitu, inavuka mpaka Nimule, na baada ya wiki moja au mbili inarudi na picha. Kabla ya hapo hujui umepiga nini. Mteja hajui, na wewe mwenyewe hujui.

Alikuja asubuhi moja ya Januari, mwanamume wa miaka arobaini hivi, suruali ya jeshi, shati jeupe lililopigwa pasi, bastola kiunoni. Nyuma yake msichana wa kama miaka kumi na minane ndani ya gauni jipya la kitenge. Mwanamume alinisalimu kwa Kiarabu cha Juba, nami nikamjibu kwa kile changu cha sokoni. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba huyu ni binti wa marehemu kaka yake. Kwamba kuna afande mkubwa, yuko mbali, jimbo lingine, anataka kuoa kwenye nyumba yao. Kwamba afande hana nafasi ya kuja, kwa hiyo picha ndiyo itakayokwenda kwake, na akiridhika, msichana atafuata. "Sura kwes," akasema, nikaelewa: picha nzuri. Kisha akavua mkanda, akaiweka bastola juu ya benchi karibu na kopo langu la poda, akaketi.

Hakuwa ananitisha. Ilikuwa inamchoma kiunoni tu. Lakini mdomo wa ile bastola ulielekea kwenye kigoda, na tangu dakika hiyo nilikuwa nazunguka chumba changu mwenyewe kwa kujibanza ukutani.

Nilimkalisha msichana, nikainama kumrekebisha kidevu. Hapo ndipo aliponisemesha, midomo haikufunguka sana, kwa Kiswahili cha Uganda.

"Mama, wewe nasikia Kiswahili?"

"Nasikia."

"Huyu hapana sikia. Mama, mimi iko shule Koboko, kwa Uganda, senior three. Nilikuja Krismasi tu, wakanishika. Ule mzee iko na bibi tatu. Mimi nataka rudi shule. Naomba wewe, fanya mimi mbaya."

Nilidhani joto la taa limenipanda kichwani. "Mbaya vipi?"

"Mbaya kwa picha. Yeye aone, akatae."

Nilimgeuza kidevu upande mwingine ili nipate muda. Ami yake alikuwa ametulia, anafuta vumbi kwenye kiatu. Nikajiambia, mwanamke, mpige sahani huyu mtoto, ukae salama, kila mtu na mzigo wake. Hilo ndilo nililokusudia, nawaapia. Lakini msichana hakulia wala kunishika mkono. Aliniangalia tu, kisha akaziangalia zile taa moja baada ya nyingine, kama anachagua. Na mimi, Mungu anisamehe, si huruma peke yake iliyonisukuma. Nilikuwa nimechoka kupiga sahani. Mtu alikuwa ameniomba kitu ninachokijua, kwa mara ya kwanza tangu nifike mji ule, na kiburi cha kazi kikanipanda kabla ya akili.

Nikamfuta mafuta yote usoni kwa kitambaa kikavu. Nikampaka poda ya mtoto, kidogo, mpaka ngozi ikawa na rangi ya jivu. Nikazima taa ya mbele, nikazima ya nyuma, nikaondoa ubao mweupe. Nikachukua taa moja, nikaivua kitambaa chake, balbu uchi, nikailaza sakafuni mbele ya miguu yake ikitazama juu. Mikono ilikuwa inatetemeka hata nikaunguza kidole.

Uso wa yule mtoto ulibadilika hapo hapo. Kivuli cha pua kilipanda katikati ya macho. Mashavu yalibonyea. Nyusi zilitupa giza juu ya paji, na shingo ikajaa mishipa ambayo dakika moja kabla haikuwepo. Nikamwambia asitabasamu, alegeze mdomo, aangalie juu ya kichwa changu. Ami yake aliinua macho. Aliangalia taa iliyolala chini, akamwangalia mpwa wake, akaniangalia mimi. Nikamweleza, jasho likinitiririka mpaka kiunoni, kwamba ni mtindo mpya wa Kampala, kwamba filamu haioni kama macho yetu yanavyoona. Kisha akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye kiatu chake. Nikapiga sita.

Walipoondoka nilifunga mlango, nikakaa sakafuni. Filamu niliipeleka kwa kondakta jioni hiyo, na kuanzia hapo nikaanza kuhesabu siku. Niliacha kufungua studio. Nilihamia Hai Mauna kwa shoga yangu, Mganda, mwenzangu wa kusota, anakaanga chapati. Nilipomsimulia aliweka mwiko chini.

"Yaani wewe," akasema, "unayekimbia hata mbwa akiwa na mkanda, umemchezea mtu wa bastola kwa balbu?"

"Nicheke tu."

"Sicheki. Nakuangalia vizuri, nije nimweleze ndugu yako ulikuwa umevaa nini."

Alikuwa hivyo, maneno yake pilipili, lakini alinitandikia mkeka, na kila pikipiki iliposimama nje alitoka kuchungulia kabla yangu. Siku ya tisa tukasikia basi limeharibika Nesitu, abiria wamelala barabarani, mizigo imo ndani. Mtu mwingine angekasirika. Mimi niliomba lisitengenezwe kamwe.

Likatengenezwa. Nilifungua bahasha nikiwa nimesimama, nikatafuta pa kukaa. Nimepiga picha nyingi maishani na sijawahi kupata niliyoitaka sawasawa namna ile. Msichana alikuwa kama mtu aliyeinuliwa kitandani wiki ya mwisho ya ugonjwa. Macho yalikuwa mashimo yenye kidoa cheupe. Niliogopa ile picha, na ni mimi niliyeitengeneza.

Siku iliyofuata nilifungua studio, na ami akaja. Nilikuwa nimekariri maneno yangu usiku kucha, ule uongo wa mtindo wa Kampala, lakini sikupata hata nafasi ya kuutoa. Aliitazama picha kwa muda mrefu, akaigeuza, akaangalia nyuma palipo peupe, akaigeuza tena. "Kwes," akasema. Akaitia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, akaenda zake. Nilikimbilia Hai Mauna. Shoga yangu alisema wanaume ni wanaume tu, hata uso wa binti yao hawaujui, na nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja mlango wa studio ukagongwa, na mimi tayari nikiwa na mguu mmoja dirishani, nikasikia sauti ya kike inaita mama. Ni yule msichana. Gauni la kitenge hakulivaa, alikuwa na sketi ya shule na fulana. Pembeni yake kasichana ka miaka kama kumi na mitano, begi kichwani, mdomo wazi, kanashangaa picha zilizo ukutani.

"Alikataa," msichana akaniambia. "Alisema anataka bibi, hapana mgonjwa. Mimi nakwenda Koboko leo. Huyu ni mdogo yangu, anasindikiza mimi kwa basi."

Alinikumbatia kwa nguvu hata nikayumba. Yule mdogo, ambaye Kiswahili hakuwa nacho, aliona tunalia akacheka, akaanza kulia naye. Nikawapa soda. Nilisimama mlangoni nikawatazama wakipotea njia ya kanisa, begi likiyumba, na nawaambieni, siku ile nilitembea katikati ya barabara. Askari walikuwa wamekaa chini ya kivuli, nikawapita upande wao na nikawasalimia. Mama yangu alikuwa akisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nilicheka peke yangu kwamba nimepata ushujaa na kicheko, vyote viwili, kwa bei ya balbu moja.

Hazikufika siku kumi. Nilikuwa nafuta lensi, mgongo mlangoni.

"Habari ya kazi, mama?"

Kiswahili safi, cha Kenya. Niligeuka nikitabasamu kwa mteja wa kwetu. Alikuwa ni ami. Suruali ile ile, shati jeupe, bastola kiunoni. Nilibaki na kitambaa mkononi.

"Nilikaa kambi ya Kakuma miaka minne," akasema, kama mtu anayetaja tu shule aliyosoma. "Kule usipojua Kiswahili utakufa njaa."

Kila neno alilosema yule msichana kwenye kigoda lilinirudia. Huyu hapana sikia. Fanya mimi mbaya. Nilishika chuma cha taa nacho kikaanza kutetemeka nami, mpaka balbu ikawa inalia ndani ya kishikizo chake.

"Usiogope," akasema. "Siku ile ulifanya kazi nzuri. Yule ni damu ya ndugu yangu, tumbo moja. Sikutaka aende kwa afande. Lakini mimi siwezi kumwambia afande hapana. Picha inaweza."

Hapo ndipo nilipomwona nyuma yake yule mdogo wa begi. Alikuwa amevaa gauni lile lile la kitenge, limepunguzwa urefu, pindo halijanyooka. Alinitambua, akanipungia mkono.

"Na huyu?" nikauliza.

"Huyu tumemlea tu. Watu wake waliisha kwa vita. Afande ameshatoa neno kwetu, wazee wamekubali, na kwetu neno halirudi. Lazima mtu aende kutoka nyumba yetu." Akaziangalia taa zangu. "Hiyo ya chini leo wachana nayo. Weka zingine zote. Ikitoka mbaya mara ya pili, afande atauliza nani anapiga hizi picha, na mimi nitamwonyesha mlango wako."

Ningekuwa mtu mwingine ningesema kitu. Nimejitungia hotuba nyingi tangu siku ile, nyingine nzuri sana, nazitoa nikiwa peke yangu naosha vyombo. Siku yenyewe nilisema, "Sawa." Nilitakiwa kujua. Nilikuwa nimeishi miongoni mwao mwaka na nusu, nimepiga harusi zao ngapi ndani ya chumba kile, nikaona kwamba anayeoa haoi msichana, anaoa nyumba. Ukimtoa mmoja, nyumba inabaki palepale na deni lake la binti. Mimi nilidhani namfungulia mtu mlango, kumbe nilikuwa namsogeza mwingine kwenye kigoda.

Nikampaka mafuta, shavu moja, kisha la pili. Alifumba macho kwa raha, nadhani hakuna aliyewahi kumshika uso hivyo. Aliomba kioo kwa ishara, nikampa, akajiangalia, akajifunika mdomo kwa aibu. Nikaweka taa ya pembeni juu kidogo, na kitambaa chake. Ubao mweupe. Taa ndogo nyuma ya bega. Mkono haukutetemeka tena, na hilo ndilo ninalolichukia kuliko yote: kazi iliponiingia, mkono ulitulia. Nilimwinua kidevu na kile kipande cha nuru kikaja chini ya jicho, chenyewe, kama kilikuwa kinamsubiri. Ami alisimama nyuma yangu nikisikia pumzi yake. Nikapiga kumi na mbili.

Tulipomaliza aliteremka, akapiga goti kidogo mbele yangu, kama binti aliyefunzwa adabu, akasema, "Shukran." Mimi nikamjibu karibu tena. Ndivyo tunavyowaambia wateja.

Filamu ilikaa kwangu mpaka basi la kesho yake. Ilikuwa ni kuifungua tu, kuivuta nje kama utepe, jua la Juba lingemaliza kazi kwa nukta moja, na ningesema jamani, imeungua njiani. Niliishika. Niliizungusha mkononi. Nikaona ami atamrudisha, atamkalisha tena, na atajua ni mimi. Au labda asingemrudisha, labda afande angechoka, labda wiki mbili zingetosha mtoto akimbie. Sikujua na sikutaka kujua kwa gharama hiyo. Nikaiandika anwani, nikampa kondakta, nikamwomba aitunze.

Picha zilitoka nzuri. Ami alichukua moja kubwa ya kumpelekea afande. Ya pili alinirudishia, akaniambia niitundike nje, kwenye mlango, watu waone kazi. Niliitundika. Sikuthubutu kuishusha, kwa sababu alikuwa akipita na gari, akipunguza mwendo kuhakikisha ipo. Ilikaa pale misimu miwili ya mvua. Na Juba ambayo haikutaka usanii wangu ikaanza kuutaka. Walikuja wengi, akina mama na mabinti zao, wengine wakubwa, wengine bado wadogo, wakanyoosha kidole mlangoni wakasema nataka kama huyu. Nami nilikuwa nawakalisha na kuwawashia taa.